Sare ya Shule Wakati Mambo Hayatabiriki: Kipi Kinunuliwe Sasa na Kipi Kisubiri

Muhula mpya unapokaribia, wazazi hugawanyika makundi matatu. Wapo wanaosema sare zinunuliwe zote mapema kabla bei haijapanda tena. Wapo wanaoshauri mtu asitoe hata senti moja mpaka shule zifunguliwe kweli na mtoto awe ameketi darasani. Na wapo wanaoona njia ya salama ni kununua nguo kubwa, ili hata mambo yakivurugika nguo imsubiri mtoto. Hoja hizi zote hutolewa na watu makini, na kila moja ni ya kweli kwa vazi fulani na inapotosha kwa vazi jingine. Mkanganyiko unatokana na kuizungumzia sare kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ni mkusanyiko wa vitu saba au vinane, na kila kimoja kina jambo lake linaloweza kukifanya kisifae.

Makala hii inajaribu kuvitenganisha vitu hivyo. Swali litakalotuongoza ni moja: vazi hili likinunuliwa leo, ni tukio gani litakalolifanya likose kazi?

Tuanze na maneno yenyewe. Sare ni mavazi yote ambayo shule inataka wanafunzi wafanane nayo, kuanzia shati, kaptula, suruali, sketi au gauni, hadi sweta, koti, tai, soksi, viatu na nguo za michezo. Ndani ya orodha hiyo kuna aina mbili zinazopaswa kutofautishwa mapema. Ya kwanza ni vazi la kawaida, yaani lile lenye rangi inayotakiwa lakini lisilo na alama yoyote ya shule. Ya pili ni vazi mahususi, lenye nembo, mstari au mchanganyiko wa rangi unaotumiwa na shule moja tu. Shati jeupe ni vazi la kawaida, na mtoto akihamishwa kesho mara nyingi anaweza kuingia nalo katika shule mpya bila swali. Koti lililodariziwa nembo kifuani ni vazi mahususi, na mtoto akihama, kazi yake imekwisha siku hiyo hiyo hata kama halijavaliwa mara mbili.

Neno la pili ni kutokuwa na uhakika. Mwaka 1921 mwanauchumi wa Marekani Frank Knight alitenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Kuna hatari inayopimika, kama ile ya kurusha sarafu, ambapo hatujui upande utakaotokea lakini tunajua kwamba kila upande una nafasi sawa. Kisha kuna shaka isiyopimika, ambapo hatujui hata nafasi zenyewe. Ukuaji wa mtoto ni wa aina ya kwanza: hakuna ajuaye mtoto huyu ataongezeka kimo kiasi gani hasa, lakini watoto wengi wamekwisha kupimwa, na wastani unajulikana vizuri. Kufungwa kwa shule kwa ghafla, mzazi kupoteza kazi, familia kuhama au uongozi wa shule kubadili rangi ya sare ni mambo ya aina ya pili. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulieleza kuwa ugonjwa wa UVIKO-19 uliathiri masomo ya wanafunzi karibu bilioni 1.6 katika nchi zaidi ya 190, na hakuna mzazi aliyekuwa amelipigia hesabu jambo hilo alipokuwa akinunua sweta miezi michache kabla.

Tofauti hii ina matumizi ya moja kwa moja. Hatari inayopimika hujibiwa kwa hesabu. Shaka isiyopimika hujibiwa kwa kujiachia nafasi ya kubadili uamuzi. Wazazi wengi hufanya kinyume chake: hubahatisha saizi, ambayo ingeweza kupimwa, kisha hujaribu kutabiri mambo ya shule na ya bei, ambayo hayatabiriki.

Ukuaji wa mtoto una hesabu yake

Kati ya umri wa miaka 5 na mwanzo wa balehe, mtoto huongezeka kimo kwa sentimita 5 hadi 6 hivi kwa mwaka. Mwendo huu ni wa utulivu, na inafaa kujua kwamba vipimo vya nguo za watoto vinavyotumika Ulaya vimepangwa kwa hatua za sentimita 6, yaani 116, 122, 128, 134 na kuendelea. Kwa hiyo hatua moja ya saizi ni takriban mwaka mmoja wa ukuaji. Balehe inapoanza, utulivu huo hukatika. Wasichana wengi hufikia kasi ya juu wakiwa na miaka 11 au 12, wakiongezeka kama sentimita 8 kwa mwaka, na wavulana hufuata wakiwa na miaka 13 au 14, wakiongezeka sentimita 9 au 10. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 8 na mwenye mtoto wa miaka 13 hawawezi kupewa ushauri mmoja, kwa sababu wa kwanza anaweza kupanga kwa mwaka mzima mbele, na wa pili ni afadhali apange kwa muhula mmoja.

Hapa kuna kosa la kawaida ambalo lingeepukwa kwa kutumia futi ya kupimia tu. Nguo nyingi huandikwa umri badala ya kimo, na mzazi huchukua iliyoandikwa miaka 10 kwa kuwa mwanawe ana miaka 10. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kimo cha kati cha mtoto wa umri huo ni sentimita 138 hivi, lakini mtoto mwenye sentimita 126 na mwenzake mwenye sentimita 150 wote wawili wanaweza kuwa na afya kamili. Tofauti hiyo ni ya saizi nne. Umri ulioandikwa kwenye lebo haumweleze mtoto aliyesimama mbele yako. Kimo, kifua, kiuno na urefu wa mguu upande wa ndani ndivyo vinavyomweleza, na kuvipima huchukua dakika tano.

Sasa tuje kwenye ile imani kwamba nguo kubwa ni nguo ya bei nafuu. Imani hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo iko kwenye urefu. Mtoto akiongezeka sentimita 6, takriban nusu ya ongezeko hilo huwa katika miguu. Suruali au sketi yenye akiba ya sentimita 5 au 6 ndani ya pindo inaweza kushushwa mara mbili na ikafuata kimo cha mtoto ambaye hajafikia balehe kwa karibu miaka miwili. Ndiyo sababu mimi huhesabu pindo pana kuwa sifa kubwa kuliko jina la mtengenezaji. Kabla ya kulipa, igeuze nguo ndani nje, utazame kitambaa kilichokunjwa pale chini. Kama kuna kidole kimoja tu cha upana, nguo hiyo ina mwaka mmoja au pungufu. Kama kuna vidole vitatu, umenunua na muda.

Nusu ya pili, isiyo ya kweli, iko mabegani. Mabega ya mtoto hupanuka polepole, kwa sentimita moja na kitu kwa mwaka, na mshono wa bega ndio unaoshikilia mkono, kola na kifua cha nguo. Kushusha pindo ni kama kuvuta pazia, lakini kurekebisha bega ni kama kuhamisha nguzo ya nyumba: fundi anaweza, ila kazi hiyo humrudisha karibu na kushona upya, na gharama hufuata. Shati au koti ambalo mshono wa bega umeteremka hadi katikati ya mkono haliwi akiba ya mwaka kesho. Mikono yake huingia katika kila kinachoshikwa, ncha za mikono hiyo huchakaa kwa kusuguliwa mezani, na siku nguo itakapomkaa mtoto vizuri itakuwa imekwisha kuzeeka. Suruali inayoburuzwa chini nayo huchanika pindo lile lile lililokuwa akiba. Basi kipimo kinachofaa ni hiki: bega liwe la leo au la mwaka mmoja mbele, na urefu ubebe wa miaka miwili kwa njia ya pindo.

Kuna jambo ambalo hesabu hizi hazilioni, nalo ni mtoto mwenyewe. Mtoto anayevutwa chini na nguo kubwa kuliko mwili wake hutumia sehemu ya siku yake kukunja mikono, kupandisha suruali na kujificha macho ya wenzake. Hilo ni gharama pia, na halilipwi na mzazi.

Viatu vina sheria yao na havikubali akiba kubwa. Mguu wa mtoto wa shule ya msingi hurefuka kwa takriban sentimita 1 kwa mwaka, na nafasi inayohitajika mbele ya kidole kirefu zaidi ni karibu hiyo hiyo. Kiatu kikubwa kuliko hapo humfanya mtoto akunje vidole ili kisimvuke, hutoa malengelenge na humbadilishia mwendo. Kiatu kinachobana ni kibaya vilevile. Kwa hiyo viatu ndivyo vinavyofaa kununuliwa mwisho kabisa, wiki chache au siku chache kabla ya masomo kuanza, na jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana ukipita. Anayenunua viatu miezi minne mapema ili akwepe kupanda kwa bei ana uwezekano mkubwa wa kuvinunua mara mbili.

Kununua mapema huokoa fedha lini?

Tuipime sasa hoja ya kundi la kwanza, lile la kununua kabla bei haijapanda. Tuseme vazi fulani leo linauzwa kwa 100, bila kujali ni fedha ya nchi gani, na unaamini baada ya miezi michache litauzwa kwa 110. Inaonekana dhahiri kwamba kununua leo kunaokoa 10. Lakini kuna uwezekano kwamba vazi hilo likifika siku ya kutumika litakuwa halifai: mtoto amelizidi, amehama shule, au shule imebadili utaratibu. Likiwa halifai, utalinunua tena kwa 110, na jumla utakuwa umetoa 210. Swali ni uwezekano huo uwe mkubwa kiasi gani ndipo faida ya kuwahi ipotee. Hesabu yake ni fupi: unaokoa 10 kwa kuhatarisha 110, kwa hiyo pande mbili zinalingana uwezekano wa kutofaa unapokuwa moja kati ya kumi na moja. Ukizidi hapo, kusubiri ni nafuu hata kama bei itapanda kweli.

Moja kati ya kumi na moja ni kizingiti cha chini kuliko wengi wanavyodhani. Kwa soksi nyeupe, shati jeupe na kaptula ya rangi inayotumiwa na shule nyingi, uwezekano wa kutofaa uko chini ya hapo, hasa kama nyumbani kuna mdogo wake atakayezirithi. Kwa viatu vya mtoto wa miaka 12, uko juu sana. Kwa koti lenye nembo la mtoto ambaye wazazi wake wanasubiri jibu la uhamisho wa kikazi, uko juu zaidi. Kwa hiyo hoja ya kununua mapema inashika kwa mavazi ya kawaida, na inalegea kadiri vazi linavyokuwa la shule moja na la mwili unaobadilika haraka.

Wengine hutegemea kinyume chake, kwamba bei zitashuka, kwa kuwa wamesikia habari kwamba pamba imeshuka bei katika soko la dunia. Mwaka 2022 pamba ilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka kumi, kisha ikashuka sana kabla mwaka haujaisha. Sare hazikushuka kwa mwendo huo. Sababu ni kwamba pamba ghafi ni sehemu ndogo tu ya bei ya nguo iliyokamilika. Nyingine ni kusokota uzi, kufuma kitambaa, kutia rangi, kushona, kusafirisha, kodi, pango la duka na thamani ya fedha ya nchi dhidi ya fedha za kigeni. Vilevile nguo iliyoko dukani leo ilitengenezwa kwa pamba iliyonunuliwa miezi mingi iliyopita. Anayesubiri habari ya soko la pamba imshushie bei ya shati anasubiri kitu kitakachomfikia kikiwa kimechelewa na kimepungua.

Bado kuna upande ambao kundi la kusubiri huusahau, nao ni muda wa kutengenezwa. Shati la kawaida likikosekana siku ya kwanza, linapatikana mchana ule ule. Koti lenye nembo au sketi ya marinda yenye mchanganyiko wa rangi wa shule moja huagizwa, na karibu na ufunguzi mafundi wake huwa wamezidiwa, kwa hiyo linaweza kuchukua wiki kadhaa. Hapo ndipo vazi mahususi linapomtia mzazi katika mtego wa pande mbili: ndilo lenye hatari kubwa ya kukosa kazi, na ndilo linalodai kuagizwa mapema.

Njia ya kutoka katika mtego huo ni kuitenganisha nembo na vazi. Nembo iliyofumwa kando inaweza kushonewa juu ya koti au sweta la rangi ile ile saa moja kabla ya kuvaliwa, na ikaondolewa vazi linapopewa mtoto wa shule nyingine. Shule nyingi zinakubali, lakini mzazi hatajua kabla ya kuuliza. Na kuuliza si kuomba fadhila. Nchini Uingereza sheria ilipitishwa mwaka 2021 kuhusu gharama za sare za shule, na mwongozo wa serikali uliofuata, unaozihusu shule za England, ulizitaka zipunguze kadiri inavyowezekana mavazi yenye nembo na zihakikishe sare zilizokwisha kutumika zinapatikana kwa wazazi. Kwa maneno mengine, idadi ya nembo ni uamuzi wa uongozi, na uamuzi unaweza kujadiliwa. Kikao cha wazazi kinachotumia saa nzima kulalamikia bei bila kuuliza kwa nini soksi zina nembo kimeiacha sehemu ya bei iliyokuwa rahisi kuondolewa.

Mzazi anayeuliza shule afike na maswali manne: kipi ni cha lazima na kipi ni cha hiari, utaratibu huu wa sare utaendelea kutumika hadi lini, mtoto asiye na sare kamili siku ya kwanza anapewa muda gani, na je, vazi lisilo na nembo lakini lenye rangi sahihi linakubaliwa. Jibu la swali la tatu peke yake linaweza kukuondolea haraka ya kununua nusu ya orodha.

Pea ngapi, na za kitambaa gani

Wengi hununua pea tano za sare kwa kuwa wiki ina siku tano za masomo. Idadi inayofaa haitokani na siku za masomo, inatokana na mzunguko wa kufua. Nyumba inayofua kila jioni na nguo zikakauka hadi asubuhi inaweza kuendesha wiki kwa mashati mawili, na la tatu likawa la dharura. Nyumba inayofua mara moja kwa wiki inahitaji matano. Tofauti inaonekana wazi kwa hesabu. Mwaka wa masomo wenye siku 190 ukigawanywa kwa mashati matano, kila shati linavaliwa mara 38. Ukigawanywa kwa mawili, kila moja linavaliwa mara 95. Kama mtoto atazidi saizi hiyo mwaka ukiisha, basi yale matano yataachwa yakiwa na uhai mwingi ndani yake, ambao umekwisha kulipiwa. Wakati ambao kipato hakitabiriki, kununua mawili sasa na kuongeza la tatu baada ya muhula ni kununua kidogo kidogo kwa vipimo vipya kila mara. Huo ndio ule uhuru wa kubadili uamuzi niliouzungumzia mwanzoni.

Kuhusu kitambaa, sentensi inayorudiwa mno ni kwamba pamba tupu ndiyo bora. Inategemea bora kwa nini. Pamba hunywa jasho: katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, na polista, yaani uzi unaotengenezwa kiwandani, hubeba chini ya asilimia 1. Kwa hiyo shati la pamba hupoza mwili, na lile la polista tupu humfanya mtoto ajihisi amefungwa ndani ya mfuko. Lakini kwa sababu ile ile pamba huchelewa kukauka, hujikunja, na isipotayarishwa vizuri kiwandani hurudi, yaani hupungua urefu na upana baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Polista hairudi, hukauka haraka na huvumilia msuguano wa magoti na makalio, ila hainywi jasho na hushika harufu. Mchanganyiko ulioenea sana katika sare ni sehemu 65 za polista kwa 35 za pamba, na kwa suruali na sketi naona ni chaguo la busara. Kwa mashati, kadiri hali ya hewa inavyokuwa ya joto ndivyo pamba inavyostahili kuongezwa.

Kitambaa kizito nacho hakidumu kwa uzito wake tu. Tazama ufumaji. Kitambaa kilichofumwa kwa mistari ya mshazari, kama cha jinzi, mara nyingi huhimili msuguano kuliko kilichofumwa kwa njia ya kawaida ya uzi mmoja juu na mmoja chini chenye uzito ule ule. Kishike mbele ya mwanga uone kama ufumaji umebana, kikunje ngumini kwa muda mfupi kisha ukiachie uone kama mikunjo inabaki, na uvute kidogo mshono wa kiti cha suruali. Matundu ya sindano yakifunguka ukaona uzi, mshono huo utaachia kabla kitambaa hakijachakaa. Zipu na vifungo vijaribiwe hapo hapo.

Na nguo nyingi za shule hufia katika kufuliwa zaidi ya kuvaliwa. Maji ya moto hugandisha madoa ya damu na jasho badala ya kuyatoa. Dawa ya klorini hula rangi na kuua lastiki ya kiunoni. Jua kali hupausha rangi, kwa hiyo nguo igeuzwe ndani nje ndipo ianikwe. Pasi ya moto sana juu ya kitambaa chenye polista huacha mng'ao usiofutika. Kurekebisha mambo haya manne hakumgharimu mtu chochote, na kunaweza kuongeza uhai wa sketi moja kuliko kununua ile ya bei ya juu.

Sare zilizokwisha kuvaliwa

Hapa kuna imani inayoumiza familia bila sababu: kwamba kumvisha mtoto sare ya mtumba ni kumdhalilisha. Lakini mambo niliyoyaeleza hapo juu yanaonyesha kwa nini mavazi haya ni ya thamani. Watoto huzidi nguo kwa kimo kabla hawajazimaliza kwa kuzivaa, hasa makoti, masweta na nguo za sherehe ambazo hutumika siku chache kwa wiki. Vazi mahususi, ambalo halina soko popote nje ya shule yake, lina soko kamili ndani ya shule hiyo: kila mwaka kuna watoto wanaoliacha na wengine wanaoanza kulihitaji. Tena nguo iliyokwisha kufuliwa mara nyingi imekwisha kurudi na kuchuja, kwa hiyo saizi unayoiona ndiyo saizi utakayobaki nayo. Wakati ujao usipojulikana, kulipa kidogo kwa kitu kinachoweza kukosa kazi ghafla ni uamuzi wa mtu anayefikiri, na mtoto anaweza kuelezwa hivyo kwa heshima.

Vya kukagua ni vichache: kwapa, kola, kiti cha suruali, magoti na nguvu ya lastiki. Viatu ni bora viachwe, kwa sababu soli na ngozi ya ndani vimekwisha kufuata umbo la mguu wa mtoto mwingine.

Kuhusu kununua kwa mkopo au kwa malipo ya awamu, nitasema jambo moja tu. Linganisha muda wa deni na muda wa vazi. Kulipa kwa miezi mitatu sweta litakalovaliwa miaka miwili kunaeleweka. Kulipa kwa miezi kumi viatu vitakavyobana mwezi wa nane ni kubaki na deni la kitu ambacho huwezi tena kukitumia, huku deni la viatu vipya likianza.

Shule zikifungwa baada ya kununua

Hili lilizikuta familia nyingi mwaka 2020, na linaweza kutokea tena kwa sababu ya ugonjwa, mafuriko, vita au mgomo. Nguo ikiwa haijavaliwa wala haijafuliwa, rudi dukani na stakabadhi ndani ya siku za kwanza, maana maduka mengi hukubali kubadilisha saizi hata yasiporudisha fedha. Usikate lebo mpaka jioni ya kuamkia siku ya kwanza ya masomo. Ikiwa nguo imekwisha kuvaliwa, ifue kabla ya kuihifadhi hata kama inaonekana safi, kwa kuwa jasho lililokauka hugeuka doa la manjano baada ya miezi, na nondo hutafuta kwanza sufu yenye jasho au mabaki ya chakula. Nguo iwekwe ikiwa imekauka kabisa, mahali pasipo na unyevu wala jua.

Kisha mtoto apimwe kila baada ya miezi mitatu na vipimo viandikwe kwenye karatasi inayokaa pamoja na nguo. Akiwa ameongezeka sentimita 3, pindo bado linamfikia. Akiwa ameongezeka zaidi ya 6 na shule bado zimefungwa, mtafute mwenye mtoto mdogo na umpe nguo hiyo, au mbadilishane na anayeacha saizi ya juu yake, wakati ambapo bado kuna mtu wa kuivaa. Pindo lililoshushwa litaacha mstari mweupe pale lilipokunjwa. Mstari huo hufifia ukipanguswa kwa kitambaa chenye maji yaliyochanganywa na siki kidogo, kisha ukapigwa pasi ya wastani juu ya kitambaa kibichi. Anza kwa kujaribu upande wa ndani, kwa kuwa baadhi ya rangi hazivumilii siki.